Dakika Zile Zilikuwa za Nani?

Benchi la mbele ya mlango wa pili lina wenyewe, na wenyewe ni watatu. Mji wao ni majengo machache ya ghorofa tano katikati ya msitu wa misonobari, na nyuma ya msitu yako makuba meupe yanayoongea na setilaiti. Kwa miaka mingi mji huo haukuwemo kwenye ramani. Wanaume walioshuka zamu chini ya ardhi, kuangalia kama Mmarekani amewasha kombora, wakitoka walikaa kwenye benchi hilihili na kuzungumzia samaki. Sasa wamestaafu, siri zao hazimnyimi mtu usingizi, na samaki wamewachosha. Kila asubuhi wanapiga dhumna, wanakunywa kahawa ya mizizi kutoka chupa ya Jenerali, na wanasema kuhusu setilaiti mambo ambayo setilaiti zenyewe zingeyasikia zingeanguka.

Ijumaa hiyo, Septemba ikielekea kuisha, king'ora cha juu ya paa la shule kililia. Kilikuwa cha majaribio. Redio ilikwisha kutangaza tangu juzi. Kunguru waliruka, mbwa wa ghorofa ya kwanza akaitikia kwa sauti yake mbaya, na benchini hakuna aliyeinua kichwa.

— Cheza, Ngoja — alisema Jenerali. — Hizo kete zitaota mizizi mkononi mwako.

— Ngoja kwanza.

— Enhee! Kalisema neno lake! Betri, umesikia? Kalisema tena!

Huyo aliyelisema ni Arkady Nilovich. Jina la Ngoja alilipata kazini, na alilipata kwa haki. Setilaiti ikiona moto, afisa wa zamu haamini. Hiyo ni alama moja. Anangoja rada za ardhini nazo zione. Zikiona zote mbili, ndipo jambo linakuwa jambo. Arkady Nilovich aliishi na kanuni hiyo mpaka ikamwingia kwenye damu. Aliposa mwaka mzima, na hata leo akiambiwa mvua inanyesha, hutoa mkono dirishani.

Mwezi wa Agosti daktari wa mjini aliona kivuli kwenye pafu lake. Arkady Nilovich akamwambia, hiyo ni alama moja, daktari, rudia. Alipewa kitanda hospitali ya mkoa, akakiacha kipite. Jana daktari alimpigia simu: kipimo cha pili kimesema vilevile. Amemshikia kitanda kingine, aende Jumatatu, aende na mkewe, na jibu analitaka leo hii. Na mkewe, Kapitolina Savelyevna, hajui lolote. Kila alipotaka kumwambia aliona bibi huyo ana shughuli fulani mbele yake: mara wajukuu wanakuja, mara matango ya kusindika, mara kwaya ya nyumba ya maafisa, ambako safari hii amepewa ubeti wa kuimba peke yake. Hata sasa sauti yake ilikuwa inashuka kutoka dirisha la ghorofa ya pili, ikipanda mahali fulani, ikikwama, ikirudi mwanzo.

— Mkeo anaimba kuliko king'ora — alisema Betri.

— King'ora kinalia mara moja kwa mwaka — alisema Arkady Nilovich. — Yeye ana mazoezi.

Mlango wa pili ulifunguka kwa kishindo. Alitoka mwanamke kijana, miguuni ana ndara za ndani, kichwani amevaa mfuko wa plastiki, na chini ya mfuko nywele zake zimepakwa rangi nusu.

— Twende wapi? — alipiga kelele. — Wazee! Tunakimbilia wapi?

— Wapi tena? — aliuliza Betri. — Kwani kuna nini?

— Si king'ora hicho!

— Aaa, hicho. Hicho kinajaribiwa tu, binti. Kaa unywe kahawa.

Mwanamke aligeuka arudi ndani, na mlango ukamfungia usoni. Funguo zilikuwa mezani kwake, ghorofa ya tatu. Betri alimwazima simu ampigie mumewe. Mume akasema anakuja, lakini yuko ng'ambo ya msitu, na asifanye kitu. Akakaa.

— Naitwa Olesya. Tumehamia wiki hii. Mimi ni msusi.

— Inaonekana — alisema Jenerali, akiutazama mfuko.

— Nicheke tu, mzee. Na nyie mbona mmekaa? Kingekuwa cha kweli je?

— Sisi? Sisi ndio king'ora wenyewe!

Jenerali, kwa jina la wazazi wake Fadei Prokhorovich, hajawahi kuwa jenerali. Alikuwa mtunza bohari wa kikosi, akigawa buti na nyama za makopo, na kule chini ya ardhi hakukanyaga hata siku moja. Ndiyo maana alijua mengi kuliko waliokanyaga.

— Huyu unayemwona hapa — alisema, akimpiga Arkady Nilovich begani — kombora likiwashwa Marekani, yeye wa kwanza kujua. Kabla ya waziri! Kabla mkuu wa nchi hajavaa suruali!

— Kweli, baba?

— Ilikuwa kazi tu — alisema Arkady Nilovich.

— Na mlikuwa mnaonaje, mpaka Marekani huko?

Hapo alidakia Betri. Yeye ni Rurik Semyonovich, fundi umeme wa makuba, na jina hilo alipewa tangu madaktari walipompandikiza kifaa cha kuuongoza moyo.

— Setilaiti ina jicho la joto, binti. Kombora likiruka, mkia wake ni moto mkali. Sasa setilaiti zetu hazikulitazama kutoka juu, zililitazama kwa ubavu, pale ukingoni mwa dunia, ili ule moto uonekane kwenye weusi. Kama mtu kawasha kiberiti gizani.

— Ndiyo hivyo — alisema Jenerali. — Mficha maradhi, kilio humfichua.

— Hiyo methali ya wagonjwa, we mzee! Sio ya makombora.

— Methali ni kama buti la bohari, Betri, ukilikaza kamba linamwingia yeyote. Unaficha kombora lako shimoni miaka na miaka, umelifunika, umelipaka rangi ya majani, jirani hajui. Siku likitoka, mkia unasema. Sio kweli, Ngoja?

Arkady Nilovich alikohoa. Kilikuwa kikohozi kidogo tu. Wenzake walikuwa wamekizoea tangu majira ya joto, kama wanavyozoea mlango unaolia.

— Cheza kete — alisema.

— Nacheza. Lakini kwa taarifa yenu, setilaiti haioni makombora peke yake. Mnakumbuka Lavr alivyokamatwa na mtambo wake wa gongo? Mnadhani nani alimwona? Setilaiti! Joto la gongo lina rangi yake.

— Hiyo chai — alisema Betri. — Lavr alichongewa na mama mkwe.

— Na mama mkwe aliambiwa na nani?

— Na pua yake!

Olesya alicheka mpaka mfuko ukachepuka. Betri naye hakutaka kubaki nyuma.

— Kwanza setilaiti inadanganyika. Jua likiyapiga mawingu kwa pembe fulani, inaona moto. Mimi nasema hata msitu wa watu ukiungua inaweza kuona vita. Hata harusi, wakiwasha fataki nyingi. Ndio maana pale walimweka mtu kama Ngoja, mtu asiyeiamini hata kalenda. Wangeweka Jenerali, dunia ingekwisha siku ya kwanza, kabla ya chakula cha mchana.

— Ningebonyeza, ndio! Chelewa chelewa utamkuta mtoto si wako!

— Umeona? Huyo ndiye mtu wa kubonyeza.

— Hakuna kubonyeza — alisema Arkady Nilovich. — Sisi tulikuwa tunatoa taarifa.

— Basi sikilizeni — alisema Jenerali, akaweka kete zake kifudifudi, jambo ambalo hulifanya tu akiwa na uongo mkubwa. — Zetu zinawaangalia wao, sivyo? Zao zinatuangalia sisi. Zinapishana kule juu kila siku, miaka na miaka. Mtu ukipishana na jirani ngazini muda wote huo, hata kama mligombana kuhusu takataka, mwisho unamwambia hujambo. Zimezoeana, nawaambieni.

— Setilaiti zina mdomo?

— Zina redio, we Betri! Zinapiga soga. "Kwako vipi leo?" "Kwangu shwari, kuna mzee anapika gongo tu." Ndio maana vita havikuja. Sio kwa sababu yako, Ngoja, usijivune bure. Wapiganapo tembo nyasi huumia. Lakini tembo wakipiga soga, nyasi tunapata kahawa.

Arkady Nilovich alicheka. Akacheka tena, na kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi hicho hakikuwa kidogo. Alishika ubao wa benchi mpaka kikaisha.

— Baba, hicho kikohozi umemwonyesha daktari? — aliuliza Olesya.

— Kitapita.

— Mimi baba yangu alisema hivyohivyo.

Hakuna aliyemuuliza baba yake yuko wapi. Dirishani juu Kapitolina alikuwa amefika pale pagumu, na safari hii akapita, akasikika akijichekea mwenyewe kwa furaha. Arkady Nilovich alijiambia kwamba mtu hawezi kupeleka habari kama ile kwa mwanamke anayecheka peke yake jikoni.

— Lakini wake zenu walikuwa na bahati — alisema Olesya. — Kulala na mwanamume anayejua kabla ya dunia nzima!

Betri aliguna.

— Kujua? Binti, hapa mjini sisi ndio tulikuwa wa mwisho kujua kila kitu. Mume akikaribia zamu, mke hamwambii jambo baya. Ilikuwa mila ya hapa. Mtoto kavunjika mkono shuleni? "Yuko kwa rafiki yake, atalala huko." Bomba limepasuka? Jirani atalishika. Mkono wa mtu wa zamu usitetemeke. Hakuna mkubwa aliyeamuru, wanawake walijipangia wenyewe. Kwenye foleni ya mkate wanaulizana, "Wako anaingia lini?" Basi habari zote mbaya za mji zinakaa zinatungojea tutoke, na tukitoka zinatuangukia kwa pamoja.

— Mke wangu mimi aliniambia kila kitu, kila siku, kwa sauti — alisema Jenerali.

— Wewe ulilinda buti. Buti halitetemeki.

— Mama yangu alikufa wakati najiandaa kuingia — alisema Arkady Nilovich.

Wote wakamtazama, kwa sababu si mtu wa kusema ya kwake.

— Mke wangu, Kapa, alipigiwa simu asubuhi. Akanipikia, akanipigia pasi shati, akanisindikiza mpaka mlangoni. Nilipotoka, siku kadhaa baadaye, alikuwa amesimama hapa, karibu na benchi. Ndipo akaniambia. Walikuwa wamekwisha kuzika.

— Ukafanyaje? — aliuliza Olesya.

— Nilimshukuru.

— Ulimshukuru?

— Alifanya sawa. Ningeingia na msiba kichwani, ningeweza kuona moto usiokuwepo.

Maneno hayo alikuwa ameyasema mara nyingi katika maisha yake, na kila mara yalimkaa vizuri mdomoni. Leo yalimkwaruza. Alikumbuka uso wa Kapitolina siku ile, jinsi macho yalivyokuwa yamevimba, na akaelewa, baada ya miaka yote hiyo, kwamba alikuwa amemlilia mama mkwe wake peke yake, huku anapiga pasi.

Olesya alikuwa anazungusha kikombe mkononi.

— Sasa niambieni kitu. Tuseme siku ile ingekuja kweli. Baba ameona alama ya kwanza, amengoja, ya pili imekuja. Zimebaki dakika ngapi?

— Kumi — alisema Betri.

— Ishirini! — alisema Jenerali. — Inategemea upepo.

— Upepo gani huko juu, we mtunza buti?

— Haya, ziwe kumi — alisema Olesya. — Ni za kufanya nini?

— Za kutoa taarifa juu.

— Halafu?

— Juu wanaamua.

— Wanaamua nini?

— Kurudisha — alisema Betri. — Nao wapate makombora yetu kabla ya yao kutua.

— Hiyo ni habari ya yule aliyerusha. Mimi nauliza habari zetu. Mkeo yuko jikoni, mtoto yuko shuleni, mimi nina rangi kichwani. Katika hizo dakika kumi, nani alikuwa na kazi ya kuja kutuambia?

Betri alitazama makuba kana kwamba jibu limeandikwa kule. Jenerali aliinua chupa ya kahawa na kuiinamisha juu ya kikombe cha Olesya. Lilitoka tone moja, kisha hakuna.

— Kulikuwa na king'ora — alisema hatimaye, kwa unyonge.

— King'ora kinalia, nyie mmekaa.

— Na ungekimbilia wapi, binti? — aliuliza Betri. — Hapa ndipo pangepigwa kwanza. Kukuambia kungekusaidia nini?

— Sijui. Nisingekimbia. Ningemfuata mtoto wangu shuleni, tukakaa pamoja. — Aliwatazama mmoja mmoja, bila ukali. — Dakika zangu kumi, mzee. Mngezitumia nyinyi bila kuniambia?

Jenerali mwenyewe, ambaye hajawahi kukosa neno hata kwenye mazishi, alianza kupanga kete zilizokwisha kupangwa.

Arkady Nilovich aliona aibu, na chini ya aibu aliona hofu, ileile aliyokuwa anaikalia tangu Agosti. Siku zote alidhani onyo ni mali ya anayeliona. Analishika, analipima, analingoja likomae. Hakuwahi kujiuliza kama yule litakayemwangukia ana haki nalo. Na hili la pafu lingemwangukia nani? Yeye angelala tu na kufa, kazi isiyohitaji ujuzi. Ni Kapitolina ambaye angebaki na viatu vyake mlangoni. Zile wiki za matango na nyimbo zilikuwa za mwanamke huyo, na yeye alikuwa ameziiba moja baada ya nyingine, akijiona mwema.

Sauti ya juu ilikuwa imenyamaza. Mlango ukafunguka, akatoka Kapitolina Savelyevna, mwanamke mnene aliyekunja mikono ya gauni, amebeba zulia la kukung'utwa. Alimwona Olesya, akasimama.

— Mungu wangu, mwanangu! Hiyo rangi iko kichwani tangu lini?

— Tangu king'ora, mama. Nimefungiwa nje.

— Na haya mazee yamekutazama tu! Inuka, twende kwangu ukaoshe, zitakatika zote. Arkasha, shika zulia.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kila mara: shughuli imeingia, imempa kisingizio, ameshapokea zulia na kushukuru moyoni. Kapitolina alikuwa amekwisha kumshika Olesya mkono.

— Kapa — alisema Arkady Nilovich. — Kaa.

— Nitakaaje, nywele za mtu zinaungua?

— Kaa, nina neno.

— Utaniambia mezani.

Olesya alikuwa amemtazama mzee usoni. Akautoa mkono wake taratibu.

— Nywele zitaota nyingine, mama — alisema. — Kaa.

Kapitolina alikaa, kwa mshangao zaidi kuliko kwa kutii. Arkady Nilovich alibaki amesimama na zulia lake, akaongea jinsi alivyofundishwa kutoa taarifa, kwa sababu namna nyingine hakuijua.

— Nina uvimbe kwenye pafu. Wamethibitisha. Wanaweza kukata kama tutawahi. Daktari anataka tuende Jumatatu, mimi na wewe, na anataka jibu leo.

— Wamethibitisha lini?

— Jana.

Kapitolina alikuwa ameishi miaka mingi na mtu wa zamu. Alijua swali linalofuata.

— Na alama ya kwanza?

— Agosti.

Jenerali alisimama. Alimvuta Betri kwa kola, akamwashiria Olesya, na wote watatu wakaenda kusimama mbali, kwenye kamba za kuanikia nguo, wakageuza migongo kama askari wanaolinda mlango. Katika historia ya benchi lile haijapata kutokea Jenerali aondoke hadithi haijaisha.

— Agosti — alisema Kapitolina. — Agosti nilikugombeza kwamba unanikoholea kwenye mazoezi.

— Nilitaka uimbe kwanza. Nilitaka...

— Nyamaza.

Alikuwa ameanza kulia, bila kujifuta, na kwa hasira. Alimvuta mumewe kwa mkono wa koti akae, pamoja na zulia lake.

— Miaka yote ile nilikunyamazia, Arkasha. Nilidhani nakulinda. Kumbe nilikuwa nakufundisha.

Arkady Nilovich alitazama kete benchini, mchezo ambao ungekuwa wake kama angecheza mapema.

— Unaogopa? — aliuliza mkewe.

Katika miaka yake yote chini ya ardhi hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo, si kamanda, si daktari, wala si mwanamke huyu aliyempigia mashati pasi.

— Naogopa, Kapa.

— Na mimi — alisema. — Haya, mpigie daktari. Mpigie mimi nikiwa hapa.